Kumeza ayodini ya mionzi: mwongozo wa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake

Dada yangu mkubwa alimeza kidonge cha ayodini ya mionzi, dawa ya kutibu tezi ya shingoni, tarehe 12 Machi 2024, siku ya kwanza ya Ramadhani, katika hospitali moja ya Nairobi. Mtaalamu aliingia nacho ndani ya kopo la madini ya risasi yanayozuia mionzi, dogo kama kikombe cha kahawa lakini zito hata akalishika kwa mikono miwili. Alifungua, akampa dada kichupa kilichokuwa ndani, dada akakimimina kidonge mdomoni bila kukigusa kwa vidole, akashushia bilauri mbili za maji. Dakika tano, kazi imekwisha. Tukatoka na karatasi ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari, na nyumbani Likoni, Mombasa, watoto wanne wanamsubiri shangazi yao.

Karatasi ile haikutuambia nusu ya tuliyohitaji kuyajua. Mengine tuliyapata kwa kupiga simu na kuuliza, na moja nusura tulikosee vibaya. Nimeyaandika kwa mpangilio wa kuyafanya. Daktari wako akikuambia tofauti na yaliyomo humu, mfuate yeye, kwa sababu ndiye anayejua kiwango ulichopewa.

Kwanza, jua mionzi yako ni ipi

Watu husema "amepigwa mionzi" kwa mambo matatu yasiyofanana, na hofu nyingi huanzia hapo.

Eksirei, CT (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili) na zile mashine za kisasa za kuchoma saratani hutoa mionzi zikiwa zimewashwa tu. Zikizimwa hakuna kilichobaki, kama taa ya chumbani. Aliyetoka huko anaweza kumbeba mtoto wake pale pale mlangoni. Aina ya pili ni chanzo kilichofungwa ndani ya chuma, ambacho huwekwa karibu na uvimbe kwa muda kisha hutolewa, kama wanavyotibiwa akina mama wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi. Kikishatolewa, mgonjwa hana mionzi mwilini.

Aina ya tatu ndiyo yetu: dawa yenyewe ina mionzi na inaingia mwilini, kwa hiyo mgonjwa anageuka kuwa chanzo kwa muda. Hata hapa kuna tofauti. Teknetiamu inayotumika kupiga picha za mifupa au moyo hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo kesho yake saa ile ile imebaki sehemu moja ya 16. Ayodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8. Ishike hiyo namba ya 8, maana karibu kila hesabu ya nyumbani inaifuata.

Dawa hii hufanyaje kazi? Tezi ya thairoidi, ile iliyokaa shingoni mithili ya kipepeo, hufyonza ayodini kutoka kwenye chakula ili itengeneze homoni zake. Ni ayodini ile ile inayotiwa kwenye chumvi, ambayo Tanzania huitwa madini joto. Tezi haiwezi kutofautisha ayodini ya kawaida na ile ya mionzi, inafyonza tu. Daktari Saul Hertz wa Boston, Marekani, aliitumia njia hii mwaka 1941 kutibu tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na ndiyo inayotumika hadi leo. Ayodini-131 hutoa mionzi ya namna mbili. Beta husafiri milimita moja au mbili tu ndani ya nyama, na ndiyo inayoua seli za tezi. Gama hupenya na kutoka nje ya mwili, na kwa ajili yake unaambiwa ukae mbali na watu.

Wiki mbili kabla

Tezi inatakiwa iwe na njaa. Ikishiba ayodini ya chakula, kidonge kitapita bila kufanya kazi na kutoka kwenye mkojo. Kwa hiyo kwa wiki moja au mbili, kadiri utakavyoelekezwa, acha chumvi yenye ayodini, samaki wa baharini, dagaa, kamba, pweza, mwani, na upunguze maziwa na viini vya mayai. Kwa mtu wa Pwani hili ni zito. Dada alikula wali wa nazi usio na chumvi, muhogo, mchicha uliokamuliwa ndimu na pilipili, na nyama kidogo. Siku ya nne alisema mdomo wake umesahau ladha ya chakula.

Mkate wa dukani na vyakula vya pakiti vina chumvi, na ni hiyo hiyo ya ayodini. Dawa za kikohozi na vitamini nazo zisome kabla hujazimeza.

Mwambie daktari mambo haya hata asipokuuliza: kama unatumia karbimazoli, dawa ya kutuliza tezi, ambayo kwa kawaida husimamishwa siku kadhaa kabla, kama unatumia dawa ya moyo iitwayo amiodaroni, maana imejaa ayodini, na kama miezi ya karibuni ulipigwa CT ukachomwa ile dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa, kwa sababu nyingi ya dawa hizo nazo zina ayodini na zinaweza kukulazimu usubiri wiki kadhaa.

Mimba ni sharti lisilo na mjadala. Mwanamke mwenye mimba hapewi dawa hii kabisa. Kuanzia wiki ya 10 hadi ya 12 tezi ya mtoto aliye tumboni huanza kufyonza ayodini, na kidonge cha mama kinaweza kuiteketeza. Pimwa hata ukiwa na uhakika. Anayenyonyesha huachisha wiki kadhaa kabla, na mtoto huyo hamrudishii titi tena. Ni uamuzi mchungu, kwa hiyo uulizie mapema badala ya kuambiwa asubuhi ya kidonge.

Panga chumba na safari kabla ya kidonge

Uliza swali hili moja: nitalazwa au nitarudi nyumbani? Kwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi, kiwango huwa mara nyingi kati ya milikyuri 10 na 15 (milikyuri ni kipimo cha wingi wa mionzi), na mgonjwa huruhusiwa siku hiyo hiyo. Kwa saratani ya tezi kiwango huanzia kama milikyuri 30 na kinaweza kufika 150 au zaidi, na hapo wengi hulazwa peke yao kwenye chumba maalumu kwa siku chache.

Kinachoshangaza ni kwamba aliyetibiwa saratani kwa kiwango kikubwa mara nyingi ndiye anayerudi kukaa na watu mapema. Tezi yake imeshakatwa, hakuna pa kuishikilia ayodini, na nyingi hutoka kwenye mkojo ndani ya siku mbili tatu. Mwenye tezi nzima iliyochachamaa anaihifadhi shingoni kwa majuma. Ndiyo sababu mtu asinakili masharti ya jirani aliyetibiwa mwaka jana.

Usipande basi la mbali wala treni siku ya kidonge. Kukaa muda wa saa nane bega kwa bega na mtu usiyemjua, ambaye huenda ana mimba changa, si haki kwake. Sisi tulikodi nyumba ya chumba kimoja chenye choo chake, tukalala Nairobi siku nne, mimi sebuleni na yeye chumbani. Kisha tukarudi kwa gari la binamu yetu. Gari zetu usukani uko kulia, kwa hiyo dada alikaa nyuma kushoto, pembe iliyo mbali zaidi na dereva, na kila baada ya muda tulisimama akashuka kwenda haja. Likoni tulivuka feri usiku wa manane, wakati hakuna msongamano wa abiria.

Siku yenyewe

Nenda na tumbo tupu kama ulivyoelekezwa, kwa kawaida angalau muda wa saa mbili, na usile tena mpaka uruhusiwe. Vaa nguo za kufulika. Simu uifunge kwenye mfuko wa plastiki mwembamba, maana jasho na mate yana ayodini, na simu haifuliki. Omba barua au kadi inayotaja jina la dawa, kiwango, tarehe na namba ya simu ya hospitali. Usiondoke bila namba ya mtu atakayepokea.

Siku tatu za mwanzo: maji na choo

Ayodini isiyoshikwa na tezi hutoka kwa mkojo, na nyingi hutoka ndani ya siku mbili za mwanzo. Kunywa maji mengi, nenda haja mara kwa mara, usiubane mkojo. Ukiubana, kibofu ndicho kinachokaa na mionzi. Dada alitaka kufunga. Daktari alimwambia wiki hiyo asifunge, na yeye mwenyewe alijua kuwa mgonjwa ana ruhusa na siku atazilipa.

Wanaume wakojoe wamechutama au wamekaa, ili mkojo usiruke ukutani. Choo cha kuvuta, vuta maji mara mbili. Choo cha shimo hakina ubaya: lenga tundu vizuri, mwaga maji mengi baada yake, osha sakafu. Kilichoingia shimoni kinakwisha nguvu huko huko. Nawa mikono kwa sabuni kila mara. Oga kila siku. Wengine huambiwa kuanzia siku ya pili wamung'unye ndimu au pipi kali ili mate yasituame kwenye tezi za mate. Ulizia kwanza, kwa sababu madaktari hawakubaliani juu ya saa ya kuanza.

Sahani, kijiko, kikombe, taulo na shuka viwe vyako. Huna haja ya kuvitupa baadaye, kuosha kunatosha. Nguo zifuliwe peke yake na kusuuzwa mara mbili. Mwanamke mmoja alikuja na ushauri kwamba godoro lichomwe. Godoro halina kosa: lifunike kwa plastiki tangu mwanzo na mambo yameisha.

Umbali, hasa kwa watoto

Mambo mawili yanapunguza mionzi inayomfikia mwenzako: umbali na muda. Ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, anachopata kinashuka hadi robo. Ukifika mita 3, ni moja ya tisa. Kupita na kusalimia hakudhuru mtu. Kinachohesabika ni kulala kitanda kimoja usiku kucha na kumpakata mtoto kwa saa nzima.

Kwa mtu mzima, kulala mbalimbali kwa wiki moja hivi hadi mbili ndiyo desturi. Kwa watoto wadogo na wenye mimba, mara nyingi ni wiki tatu bila kukaribiana. Hospitali itakupa siku zako. Kama una mtoto anayetambaa, usijidanganye kwamba utamkwepa ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Mpeleke kwa bibi yake au uhame wewe.

Kinachostahili kuhofiwa hapa ni tezi ya mtoto. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye ayodini-131 hii hii, na katika Belarus, Ukraine na Urusi zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya tezi wakapatikana miongoni mwa waliokuwa watoto au vijana wakati huo. Mgonjwa wa kidonge anapewa kiwango kinachoua seli za tezi kabisa. Mtoto anayepata kidogo kidogo, seli zake hubaki hai zikiwa na jeraha, na jeraha hilo ndilo linaloweza kugeuka saratani miaka baadaye.

Hata hivyo umbali si kutengwa. Jirani yetu alileta futari kila jioni. Aliweka sinia juu ya baraza, akarudi nyuma hatua nne au tano, akasimama chini ya mwarobaini na kusema, "Shikamoo dada, leo kuna tambi." Dada akaitikia "marahaba" kutoka mlangoni, wakaongea mpaka adhana ya Isha. Dada anasema zile jioni ndizo zilizomtibu moyo. Ukiwa jirani wa mgonjwa, fanya kama yule mama. Idi ilipofika tarehe 10 Aprili, siku 29 baada ya kidonge, watoto wote wanne walikuwa mapajani kwake.

Taka: usichome

Hapa ndipo tulipokaribia kukosea. Karatasi ya hospitali ilisema taka zishughulikiwe "ipasavyo", neno hilo moja tu. Siku ya pili baada ya kufika nyumbani, kijana wa pale alibeba mfuko wa tishu na pedi za dada, akaenda nao shimoni nyuma ya nyumba, akaupanga juu ya makumbi ya nazi na kiberiti mkononi. Nilimwita arudi, nikampigia mtaalamu wa hospitali. Jibu lake lilikuwa fupi: usichome. Ayodini hugeuka mvuke kwa urahisi. Ukiichoma unaitoa kwenye mfuko na kuipandisha hewani, na wanaovuta moshi ule ni watoto wa uwanja mzima.

Fanya hivi. Tafuta ndoo yenye kifuniko kinachobana. Weka ndani yake mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na humo tia kila kilichoguswa na mate, mkojo, damu au kamasi na kisichopita chooni: tishu, pedi, nepi za mtu mzima, miswaki, mabaki ya miwa iliyotafunwa. Mabaki ya chakula yanayooza yapunguze kwa kula ulichopakua, au yatupe kwenye choo cha shimo. Ndoo ikae mahali pasipolaliwa wala kuchezewa. Yetu iliwekwa kwenye banda la kuni, nyuma kabisa.

Kisha andika tarehe. Baada ya siku 8 imebaki nusu, baada ya 16 robo, baada ya 24 moja ya nane. Ikipungua nusu mara kumi, yaani siku 80, imebaki chini kidogo ya moja ya elfu, na taka ile ni taka kama nyingine. Nilihesabu kuanzia tarehe 12 Machi na kuandika kwa kalamu nene juu ya kifuniko: ISIFUNGULIWE HADI 31 MEI. Siku hiyo tuliitoa pamoja na takataka za kawaida.

Hospitali nazo hufanya jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Mkojo wa waliolazwa huingia kwenye matangi na kukaa mpaka uishiwe nguvu ndipo uachiwe, na taka ngumu hufungiwa chumba na kupimwa kabla ya kutoka.

Unachoweza kukipata mwilini

Shingo inaweza kuuma kidogo siku za mwanzo, mdomo ukauke, chakula kiwe na ladha ya chuma. Mwenye macho yaliyotokeza kwa ajili ya tezi anaweza kuona yanazidi, na sigara huongeza hatari hiyo sana, kwa hiyo aiache. Moyo kwenda mbio hautulii wiki ile. Nafuu huja kwa wiki au miezi kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Jambo la kulipokea tangu mwanzo ni kwamba wengi tezi yao hulala kabisa baadaye, na watameza levothiroksini, kidonge cha homoni ya tezi, kila asubuhi maisha yao yote. Uchovu usioisha, kuhisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, kunenepa, choo kigumu, kusahausahau: hizo ni dalili za tezi iliyolala, nazo humpata mtu akiwa ameshasahau habari za kidonge. Nenda kliniki kwa tarehe ulizopewa hata ukijisikia mzima. Mwanamke asishike mimba kwa miezi 6, na mwanamume asizalishe kwa miezi 4 hivi.

Ukisafiri kwa ndege ndani ya miezi mitatu, beba ile barua. Mitambo ya viwanja vya ndege inaweza kulia wakati wewe mwenyewe huhisi chochote.

Na likitokea la Mungu, mgonjwa akafariki ndani ya wiki chache za mwanzo, ipigieni hospitali simu kabla ya kumwosha maiti. Wataeleza glavu zipi, watu wangapi, na kwa muda gani. Mara nyingi maiti huoshwa na kuzikwa kwa heshima zake zote, ila kwa mpangilio.

Kopo la risasi lisilo la mtu

Ayodini hujiishia yenyewe. Vyanzo vilivyofungwa ndani ya mashine za zamani haviishi kwa siku 80. Kobalti-60 hupungua nusu kwa zaidi ya miaka 5, na sesiamu-137 kwa miaka 30. Hivi havitunzwi na familia wala fundi. Kenya vinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, yenye kituo cha taka hizi Oloolua karibu na Ngong. Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, yenye ghala lake Arusha.

Ninaliweka hili humu kwa ajili ya vijana wanaookota vyuma chakavu. Mwezi Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia kwenye kliniki ya mionzi iliyohamwa, wakang'oa kichwa cha mashine ili wauze chuma. Ndani mlikuwa na gramu 93 za unga wa sesiamu uliong'aa kibuluu gizani. Walipouona unapendeza, watu waligawiana punje, wakajipaka. Wanne walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Watu zaidi ya 112,000 ilibidi wapimwe, na 249 walikutwa wamechafuka. Taka za kusafisha mji zilifika kama mita za ujazo 3,500, kwa unga unaojaa kiganja.

Kwa hiyo ukikuta kwenye chuma chakavu kopo zito kuliko ukubwa wake, au alama ya mapanga matatu meusi, kama ya feni, juu ya manjano, au ile nyekundu mpya yenye fuvu na mtu anayekimbia: usilifungue, usilipige nyundo, usilihamishe. Rudi nyuma hatua 30 au zaidi, zuia watu na hasa watoto, wapigie polisi na uwaambie neno "mionzi" mapema ili wawaite wahusika. Kama ulishaligusa, nawa kwa maji mengi na sabuni, vua nguo uzitie kwenye mfuko na kuufunga, usile wala usivute sigara, na usubiri hapo hapo mpaka upimwe. Ukienda nyumbani kwanza utapeleka kilichokushika mikononi mpaka kwenye mkeka wanakolala watoto.